Mwongozo Kamili wa Kupima Umumunyifu wa Viambato vya Dawa katika Hatua za Mwanzo za Utengenezaji

Dawa inayomezwa haiwezi kuingia katika damu bila kwanza kumumunyika katika majimaji ya tumbo na utumbo. Kiambato kinaweza kuua minyoo au vimelea vizuri sana kikiwa kwenye kioo cha maabara, kisha kikashindwa kabisa kwa mgonjwa kwa sababu kimepita mwilini kikiwa bado chembechembe. Ndiyo sababu umumunyifu hupimwa mapema, kabla fedha na miaka haijazama katika kiambato ambacho hakitafika kinapotakiwa.

Mwongozo huu unamlenga mfamasia, mkemia au mwanafunzi wa uzamili aliyekabidhiwa kichupa cha unga, pengine wenye uzito wa miligramu mia moja tu, akaambiwa alete jibu. Mfano utakaorejewa mara nyingi ni prazikwanteli, dawa ya kichocho ambayo watu wa kanda ya Ziwa Viktoria na pwani wanaifahamu tangu shule ya msingi. Nimeichagua kwa makusudi: molekuli yake haibebi chaji katika pH za kawaida za tumbo na utumbo, hivyo inaturuhusu kuona kiini cha kipimo chenyewe kabla ya kuingia katika matatizo ya asidi na besi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Umumunyifu ni uhusiano kati ya kimiminika na yabisi mahususi iliyogusana nacho. Namba isiyotaja ni yabisi gani iliyobaki chini ya chupa, pH ilikuwa ngapi mwishoni, joto lilikuwa nyuzi ngapi na chupa ilitikiswa kwa muda gani, haiwezi kulinganishwa na namba nyingine yoyote, na wala haistahili kuingia katika ripoti.

Kabla ya kugusa mizani

Kusanya kwanza mambo manne kuhusu kiambato chako: uzito wa molekuli, joto la kuyeyuka, pKa kama ipo, yaani pH ambayo nusu ya molekuli huwa zimebeba chaji, na logP, yaani kipimo cha jinsi molekuli inavyopendelea mafuta kuliko maji. Kwa kutumia mawili kati ya hayo unaweza kukadiria umumunyifu kabla ya kupima, kwa njia ya kanuni ya jumla ya Yalkowsky: logariti ya umumunyifu, ukiwa katika moli kwa lita, ni sawa na 0.5, ukiondoa asilimia moja ya tofauti kati ya joto la kuyeyuka na nyuzi 25, kisha ukaondoa logP.

Tujaribu kwa prazikwanteli. Inayeyuka karibu na nyuzi 138 za Selsiasi, na logP yake ni takriban 2.5. Tofauti ya 138 na 25 ni 113, na asilimia moja yake ni 1.13. Kwa hiyo 0.5 ukiondoa 1.13 ukiondoa 2.5 unapata hasi 3.13, ambayo ni kama milimoli 0.74 kwa lita. Ukizidisha kwa uzito wa molekuli wa 312.4 unapata takriban miligramu 0.23 kwa mililita. Thamani inayotajwa mara nyingi kwa maji safi ni kama miligramu 0.4 kwa mililita. Makadirio yamekosea kwa chini ya mara mbili, na kwa kazi ya kupanga jaribio hilo linatosha kabisa: sasa unajua kwamba miligramu 2 kwa kila mililita zitabakiza mashapo ya kutosha, na kwamba huhitaji kupoteza miligramu 20.

Kanuni hiyo inafundisha jambo jingine. Kiambato hukataa kumumunyika kwa sababu mbili tofauti: ama molekuli zake zinayachukia maji, ama zimeshikana kwa nguvu mno ndani ya fuwele. Kiambato chenye logP kubwa na joto dogo la kuyeyuka kinaweza kusaidiwa na mafuta. Chenye joto la kuyeyuka la nyuzi 250 mara nyingi hakimumunyiki hata katika mafuta, na dawa yake ni kuivunja fuwele au kutengeneza chumvi. Kwa hiyo usilichukulie joto la kuyeyuka kama taarifa ya kujazia fomu.

Kisha ujue unga wako ulivyo. Kagua usafi wake kwa kromatografia. Tazama chembe chache chini ya hadubini yenye vichujio vya nuru vilivyopishana: fuwele nyingi zitang'aa kwa rangi, na unga usio na mpangilio wa fuwele utabaki mweusi. Kama unaweza kupata picha ya mtawanyo wa eksirei, ipate na uihifadhi, kwa maana utailinganisha na ya mashapo mwishoni. Viambato vinavyotoka moja kwa moja kwa wakemia mara nyingi havijakaushwa wala havijatulia katika umbo moja la fuwele, na unga usio na fuwele humumunyika zaidi kuliko ule wenye fuwele. Ukipima unga wa namna hiyo bila kuujua, utampa mwenzako matumaini ambayo fungu la pili la unga litayafuta.

Kipimo cha haraka na mipaka yake

Katika siku za mwanzo kabisa, viambato vinapokuwa mamia na kila kimoja kipo kwa miligramu chache, maabara nyingi hutumia kipimo cha haraka kiitwacho umumunyifu kinetiki. Kiambato huwa tayari kimemumunyishwa katika DMSO, kimiminika cha kikaboni kinachomumunyisha karibu kila kitu, kwa kiwango cha milimoli 10 kwa lita. Unachukua mikrolita 2 za mmumunyo huo, unaziweka katika mikrolita 198 za bafa, yaani kimiminika kinachozuia pH isihame, ya fosfati yenye pH 7.4 ndani ya sahani ya vishimo 96, unatikisa kwa saa moja au mbili, kisha unachuja na kupima kilichobaki kwenye mmumunyo kwa nuru ya urujuanimno. Wengine hawachuji, huangalia tu ukungu unaotokea chembe zinapotengana na maji.

Njia hiyo ni nzuri kwa kazi moja: kukuambia kama majaribio ya kibaiolojia yanaaminika. Kama kiambato kinatengana na maji katika mikromoli 5 na mwenzako anaripoti kwamba hakina nguvu hata kikifika mikromoli 50, basi ametoa hukumu juu ya mashapo. Lakini njia hiyo haipimi umumunyifu wa unga, kwa sababu unga wenyewe haukuwepo. Kinachopimwa ni kiwango ambacho mmumunyo unaweza kubeba kwa muda mfupi kabla ya kuanza kutengana, na hata DMSO kidogo iliyobaki, asilimia moja katika mfano huu, inaweza kuongeza kiwango hicho.

Tena dari yake ni ya chini. Katika mfano wetu, kiwango cha juu kabisa kinachoweza kuonekana ni mikromoli 100, ambacho kwa prazikwanteli ni kama mikrogramu 31 kwa mililita. Prazikwanteli ingepita kipimo hicho bila tabu yoyote na kuandikwa kuwa inamumunyika vizuri, ilhali tutaona hapo chini kwamba kwa dozi inayotumika kutibu kichocho ni dawa yenye umumunyifu mdogo. Ninasisitiza hili kwa sababu jedwali lenye rangi ya kijani linapendeza sana machoni pa viongozi wa mradi, na wachache kati yao watauliza dari lilikuwa wapi. Matokeo ya aina hiyo yaandikwe “zaidi ya mikrogramu 31 kwa mililita”, wala si “31”.

Kuchagua vimiminika

Kwa kipimo cha msawazo, yaani hali ambayo kiasi kilichomumunyika hakibadiliki tena, ambacho ndicho kiini cha mwongozo huu, anza na vimiminika vitatu: asidi hidrokloriki yenye pH 1.2 kuwakilisha tumbo tupu, bafa ya asetati yenye pH 4.5, na bafa ya fosfati yenye pH 6.8 kuwakilisha utumbo mwembamba. Hivyo ndivyo pia vinavyotajwa na mwongozo wa kimataifa wa ICH M9 uliopitishwa mwaka 2019, ambao hutumika wakati wa kuomba kusamehewa majaribio ya binadamu kwa dawa zenye umumunyifu mkubwa. Ongeza pH iliyo sawa na pKa ya kiambato kama iko ndani ya masafa hayo. Kuanza na vimiminika vilevile ambavyo mamlaka za dawa zitaviuliza baadaye kunaokoa kazi ya kurudia.

Maji matupu yana manufaa kwa kiambato kisicho na chaji kama prazikwanteli. Kwa asidi na besi ni kimiminika kibaya, kwa sababu kiambato chenyewe ndicho kinachoamua pH, na kila fungu la unga litakupa jibu lake.

Baada ya hapo tumia angalau kimiminika kimoja kinachofanana na utumbo wa kweli. Kile kinachoitwa FaSSIF huwakilisha utumbo wa mtu aliyefunga: kina pH 6.5, taurokolati ya sodiamu milimoli 3 kwa lita na lesithini milimoli 0.75. Ndugu yake FeSSIF huwakilisha utumbo baada ya mlo, chenye pH 5.0, taurokolati milimoli 15 na lesithini milimoli 3.75. Chumvi hizi za nyongo hutengeneza vifurushi vidogo vinavyobeba molekuli zinazopenda mafuta. Efavirenzi, dawa ya VVU, ni mfano ulio karibu nasi: katika maji haifiki mikrogramu 10 kwa mililita, na bado imetumika kwa miaka mingi kama kidonge cha miligramu 600 kinachomezwa mara moja kwa siku. Anayeipima katika bafa tupu peke yake angeitupa. Prazikwanteli nayo hufyonzwa zaidi ikimezwa na chakula, na hiyo ni moja ya sababu za kuwashauri watoto wale kwanza siku ya kugawa vidonge vya kichocho shuleni. Tofauti ya namba kati ya bafa tupu na vimiminika hivi viwili hukuonyesha mapema kama chakula kitakuwa na uzito katika matumizi ya dawa yako.

Njia ya kupimia kilichomumunyika

Andaa njia ya uchambuzi kabla ya kuanza kutikisa chupa, kwa kuwa sampuli iliyokwisha kuchujwa haitakiwi kusubiri. Mashine ya HPLC, yaani kromatografia ya kimiminika, ndiyo chaguo bora, kwa sababu hutenganisha kiambato na uchafu pamoja na mabaki yaliyovunjika. Kwa prazikwanteli, mchanganyiko wa asetonitrili na maji kwa uwiano wa 60 kwa 40, na nuru ya nanomita 210, hufanya kazi vizuri. Kama maabara yako ina spektrofotomita pekee, kazi bado inawezekana iwapo kiambato ni safi na hakivunjiki, ila uwe mwangalifu: uchafu wa asilimia moja unaomumunyika sana unaweza kuonekana mkubwa kuliko kiambato kisichomumunyika, kwa kuwa uchafu wote utaingia kwenye mmumunyo huku kiambato kikibaki chini.

Tengeneza mimumunyo ya viwango visivyopungua vitano kutoka kwenye sampuli mbili za unga zilizopimwa uzito kando, ili kosa la kupima uzito lijitokeze lenyewe. Hakikisha masafa ya viwango yanazunguka thamani unayotarajia baada ya kuzimua. Kwa prazikwanteli, viwango vya mikrogramu 2 hadi 50 kwa mililita vinatosha.

Kipimo chenyewe: kutikisa hadi msawazo

Pima uzito wa unga unaozidi umumunyifu unaoutarajia kwa mara mbili hadi tano. Katika mfano wetu, miligramu 10 katika kichupa cha kioo chenye mililita 5 za kimiminika zinakupa miligramu 2 kwa kila mililita, mara tano ya ile 0.4 inayotajwa. Andaa vichupa vitatu kwa kila kimiminika. Usirundike unga kupita kiasi ukidhani kwamba unajihakikishia: asidi au besi ikizidi sana huishinda bafa, na uchafu ulio ndani ya unga mwingi nao huongezeka kwenye mmumunyo.

Weka kikoroga kidogo cha sumaku au tumia mashine ya kutikisa yenye beseni la maji. Unga usiopenda maji huelea juu na kung'ang'ania ukuta wa kichupa. Uzamishe kwa kutikisa kwa nguvu mwanzoni, au kwa mawimbi ya sauti kwa dakika chache, lakini usiendelee na mawimbi hayo kwa muda mrefu kwa sababu yanapasha joto na yanaweza kubadilisha fuwele.

Joto ni nyuzi 37, ikikubalika kupanda au kushuka kwa nyuzi 1. Wapo wanaopenda kupima kwa nyuzi 25 kwa kuwa vitabu vingi vya kemia vinataja joto hilo. Dar es Salaam au Mombasa, beseni lenye kipasha joto pekee haliwezi kushusha maji hadi nyuzi 25 mchana wa Januari, na namba iliyoandikwa “joto la chumba” huko haifanani na ya Nairobi. Kwa sababu hiyo na kwa sababu ya mgonjwa mwenyewe, chagua 37. Weka ndani ya beseni kipimajoto chenye kumbukumbu, kitakachokuonyesha asubuhi kama umeme ulikatika usiku. Ikiwa ulikatika, usiitupe kazi: rudisha joto, endelea kutikisa, na uanze kuhesabu upya saa za msawazo.

Muda hauamuliwi na kalenda. Chukua sampuli ya kwanza baada ya saa 24, ya pili baada ya 48 na ya tatu baada ya 72. Msawazo umefikiwa pale sampuli mbili zinazofuatana zinapotofautiana kwa chini ya asilimia 5 na wakati huohuo mashapo bado yanaonekana. Baadhi ya viambato hufika ndani ya saa chache, vingine huchukua siku nyingi. Uthibitisho wenye nguvu zaidi ni kuufikia msawazo kutoka pande mbili: kichupa kimoja kianze na unga mkavu na kupanda, kingine kipashwe hadi nyuzi 50 kwa muda, kisha kirudishwe 37 kikiwa na mashapo na kushuka. Vikikutana kwenye namba moja, hapo una umumunyifu. Visipokutana baada ya siku tatu, ama hujasubiri vya kutosha, ama yabisi katika vichupa viwili si moja.

Tazama vichupa kwa macho kila siku. Namba ikipanda saa ya pili kisha ikashuka siku ya pili, usiichukulie kuwa ni kosa la mkono. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba yabisi iliyoanza imebadilika kuwa nyingine yenye umumunyifu mdogo. Karbamazepini, dawa ya kifafa, hufanya hivyo: fuwele zake zisizo na maji zikikaa majini hugeuka kuwa fuwele zenye molekuli mbili za maji, ambazo humumunyika kidogo zaidi.

Mwishoni pima pH ya kila kichupa, na hapa nitakaa kidogo. Chukua ibuprofeni, asidi dhaifu yenye pKa karibu 4.5, ambayo umumunyifu wake bila chaji ni takriban miligramu 0.06 kwa mililita. Kwa hesabu ya Henderson na Hasselbalch, katika pH 6.8 umumunyifu wake unazidishwa kwa kama mara 200, hivyo ungefika miligramu 12 kwa mililita. Lakini miligramu 12 za ibuprofeni ni kama milimoli 58 za asidi kwa lita, na bafa ya fosfati ya milimoli 50 haina uwezo wa kuimeza asidi yote hiyo. pH itashuka muda mrefu kabla ya kufika huko, na umumunyifu utashuka pamoja nayo. Anayepima pH mwanzoni tu ataandika namba ya pH 5 na kitu chini ya kichwa cha pH 6.8, na mwenzake katika maabara nyingine mwenye bafa nzito zaidi atapata namba kubwa kuliko yake bila yeyote kuelewa kwa nini. Ikiwa pH imehama kwa zaidi ya 0.1, irudishe kwa matone ya sodiamu hidroksaidi au asidi, endelea kutikisa, na upime tena.

Kwa viambato vilivyo chumvi za hidrokloridi, kuna mtego wa upande wa pili: kloridi iliyo katika asidi hidrokloriki, sawa na ile iliyo tumboni, husukuma chumvi hiyo irudi kuwa yabisi, na hivyo umumunyifu katika pH 1.2 unaweza kuwa mdogo kuliko katika pH 3. Na chumvi ya besi dhaifu ikiwekwa katika pH 6.8 inaweza kuvunjika na kuacha besi yenyewe chini ya chupa. Hapo unachopima ni umumunyifu wa besi, ingawa lebo ya kichupa inasema chumvi.

Kuchuja bila kuharibu

Makosa mengi ya vipimo hivi hutokea katika dakika tano za kuchuja. La kwanza ni joto: sampuli iliyotolewa katika nyuzi 37 ikapita kwenye bomba la sindano lenye nyuzi 22 inaweza kuacha fuwele ndani ya kichujio. Pasha bomba la sindano, kichujio na pipeti ndani ya kabati la nyuzi 37 kabla ya kuvitumia.

La pili ni kichujio chenyewe kufyonza dawa. Viambato vinavyopenda mafuta hushikamana na utando, hasa wa nailoni, na katika mimumunyo myepesi hasara inaweza kuwa kubwa kuliko chochote kilichobaki. Fanya jaribio rahisi: chukua mmumunyo wa kiwango unachokijua, upitishe mililita kwa mililita katika kichujio kipya, na upime kila sehemu. Utaona sehemu ya kwanza iko chini, kisha namba inatulia. Kiasi kilichopita kabla ya kutulia ndicho utakachomwaga kila mara. Vichujio vya PVDF vyenye vitundu vya mikromita 0.45 au 0.22 kwa kawaida hufyonza kidogo, lakini jaribio hilo lifanywe kwa kila kiambato kipya.

Sentrifuji inaepuka tatizo la kufyonza, mradi iwe na uwezo wa kudhibiti joto, na mradi unga usiwe mwepesi wa kuelea, kwa kuwa chembe zinazoelea zitaingia kwenye pipeti. Nikipata kiambato nisichokijua, huchuja nusu ya sampuli na kuzungusha nusu nyingine kwenye sentrifuji. Zikikubaliana, ninaamini zote mbili.

Mara tu baada ya kuchuja, zimua sampuli kwa kimiminika cha HPLC. Mmumunyo uliokifu, yaani usioweza kupokea zaidi, utaanza kuacha fuwele ndani ya kichupa cha mashine dakika unapopoa. Tuseme umezimua prazikwanteli mara 20 na mashine ikakupa mikrogramu 20.5 kwa mililita: umumunyifu ni mikrogramu 410, au miligramu 0.41 kwa mililita. Andika wastani wa vichupa vitatu pamoja na mtawanyiko wake.

Angalia pia kama kilele kipya kimejitokeza kwenye kromatogramu. Omeprazoli huharibika haraka sana katika asidi, na umumunyifu wake katika pH 1.2 hauna maana ya kawaida. Kwa mujibu wa ICH M9, kiambato kikivunjika kwa zaidi ya asilimia 10 wakati wa kipimo, umumunyifu wake hauwezi kuamuliwa ipasavyo kwa ajili ya uainishaji.

Mashapo yasitupwe

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo inayotenganisha kipimo na ubahatishaji. Kusanya yabisi iliyobaki, iangalie ikiwa bado na unyevunyevu chini ya hadubini, kisha ipeleke kwenye eksirei. Usiikaushe kwanza kwenye tanuri, maana fuwele zenye maji zitapoteza maji hayo na kukudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Picha ikilingana na ya unga wa mwanzo, namba yako ni ya unga huo. Isipolingana, namba yako ni ya yabisi mpya, na ripoti iseme hivyo.

Historia ya ritonaviri inaonyesha uzito wa jambo hili. Dawa hiyo ya VVU iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 umbo la pili la fuwele, ambalo halikuwa limejulikana, likajitokeza kiwandani. Umumunyifu wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba vidonge vya kapsuli vilifeli majaribio ya kumumunyika na ikabidi viondolewe, wagonjwa wakabaki wakitegemea dawa ya maji yenye ladha mbaya hadi kapsuli mpya ilipotengenezwa.

Namba ina maana gani kwa mgonjwa

Linganisha umumunyifu mdogo kabisa uliopata, katika masafa ya pH 1.2 hadi 6.8, na dozi kubwa zaidi inayomezwa kwa mara moja ikimumunyishwa katika mililita 250, ambazo ni kama glasi ya maji. Gawanya dozi kwa 250, kisha ugawanye kwa umumunyifu. Jibu likiwa 1 au chini, kiambato kina umumunyifu mkubwa katika uainishaji uliopendekezwa na Gordon Amidon na wenzake mwaka 1995.

Kidonge kimoja cha prazikwanteli cha miligramu 600 kinahitaji miligramu 2.4 kwa mililita. Ukigawanya kwa 0.41 unapata karibu 6. Lakini dozi ya kichocho ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, hivyo mtu wa kilo 60 humeza miligramu 2,400, na jibu linakuwa karibu 23. Hapa ndipo kijani cha kipimo cha haraka kinapoonekana kilivyopotosha. Prazikwanteli hufanya kazi kwa sababu utando wa utumbo huifyonza upesi, na kila kinachoondoka huachia nafasi kingine kumumunyika.

Kwa kiambato ambacho dozi yake haijajulikana, kadiria dozi ya juu inayoweza kufyonzwa: zidisha umumunyifu kwa kasi ya ufyonzaji, kwa mililita 250, na kwa dakika 270 ambazo chakula hukaa katika utumbo mwembamba. Kwa umumunyifu wa miligramu 0.01 kwa mililita na kasi ya 0.03 kwa dakika, unapata kama miligramu 20. Ikiwa wanabaiolojia wanatarajia dozi ya miligramu 10, endelea kwa utulivu. Wakitarajia 300, kaa nao wiki hiyohiyo. Besi dhaifu kama ketokonazoli zinahitaji jaribio la ziada: zimumunyishe katika pH 1.2, kisha zihamishie katika pH 6.5, na ufuatilie kwa dakika ngapi hubaki kwenye mmumunyo kabla ya kutengana.

Kuandika matokeo

Kila namba iandikwe pamoja na namba ya fungu la unga, umbo la yabisi kabla na baada, muundo na ukolezi wa bafa, pH ya mwanzo na ya mwisho, joto, saa za kutikisa, aina ya kichujio na kiasi kilichomwagwa, idadi ya vichupa, na kiwango cha kuvunjika kwa kiambato. Pale ambapo unga wote umemumunyika, andika “zaidi ya” na kiwango ulichoweka. Pale ambapo mashine haikuona kitu, andika “chini ya” na kikomo cha mashine, kamwe usiandike sifuri. Hifadhi mashapo ya kila kichupa katika chupa yenye lebo, na fungu jipya la unga likifika kutoka kwa wakemia, rudia kipimo katika kimiminika kimoja, pH 6.8, pamoja na eksirei ya mashapo, kabla ya mtu yeyote kulitumia kwa wanyama wa majaribio.